Matanga Nje ya Geti

Watu wakiisifu nyumba ile mbele yangu, mimi hunyamaza. Najua nikifungua kinywa nitawaharibia chai. Ilijengwa Galbet, mtaa wa mji wa Garissa, mwendo mfupi kutoka hospitali, kwa fedha za watu wa mbali waliosikia kwamba kina mama wa kaskazini hulala sakafuni chini ya vitanda vya watoto wao wagonjwa. Na kweli tulikuwa tukilala sakafuni. Mimi mwenyewe nililala hapo, kichwa juu ya mkoba wa vitabu, kabla sijapata nafasi katika nyumba hiyo. Kwa hiyo nisiambiwe sina shukrani. Godoro lilikuwa godoro, maji yalitoka bombani, na jikoni makaa hayakukosekana. Hasira yangu haihusu godoro.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nafundisha shule ya msingi Modogashe. Mimi ni mtu wa mtoni, upande wa Bura, lakini kwa kukaa na watoto wa wafugaji Kisomali kilikuwa kimeniingia, nikaweza hata kugombania bei nacho sokoni. Mwanangu alivimba uso na miguu, ikaonekana figo zake zina kasoro, tukaletwa Garissa. Pale Galbet nikajikuta mkalimani. Msimamizi, mwanamke wa bara aliyetaka aitwe Madam, hakujua Kisomali hata cha salamu, na wengi wa kina mama walikuwa na Kiswahili cha kununulia sukari tu. Madam akisema, nageuza. Kina mama wakijibu, nageuza tena. Hakuna aliyeniomba kazi hiyo wala aliyenishukuru, na sikujali.

Kitanda kilichopakana na changu kilikuwa cha mama mmoja kutoka Lafey, kule Mandera mwisho kabisa, karibu na mpaka wa Somalia. Alikuja na lori lililokuwa likirudi tupu baada ya kupeleka chakula cha msaada, akamwacha mumewe na ngamia. Binti yake alikuwa na moyo mbovu na ulimi mkali. Kila nikipita wodini kumjulia hali alikuwa akinisahihisha Kisomali changu, kisha anamwambia mama yake kwamba mwalimu huyu angerudishwa darasa la kwanza. Nilimpenda mtoto yule. Walikuwa wakingoja nafasi ya kupelekwa Nairobi.

Nafasi haikufika. Alifariki asubuhi moja, na kabla ya adhuhuri wanaume wa msikitini walikuwa wameshamzika.

Ni lazima nieleze hapa, maana Madam naye alielezwa na hakusikia. Mwanamke wa kule haendi makaburini. Anaketi nyumbani, na kwa siku tatu yeyote aliyepata habari huja kumpa pole, hata asiyemjua kwa sura wala jina. Wanakuja na majani ya chai, na sukari, na mikeka. Ndivyo mtu anavyosaidiwa kubeba msiba wake. Lakini lazima pawe na nyumba, pawe na mlango ambao watu watauliza, msiba uko wapi, waelekezwe. Mama wa Lafey hakuwa na ndugu Garissa. Mlango aliokuwa nao ni ule wetu tu. Kuondoka hakuweza, kwa sababu magari ya kwenda Mandera siku hizo yalikwenda kwa msafara, yakisindikizwa na polisi kwa hofu ya majambazi, na msafara uliofuata ulikuwa bado.

Alikuwa ameketi kitandani, mtandio umemfunika uso, Madam alipoingia. Shuka na blanketi za kitanda kile zilikuwa zimeshatolewa. Alikalia godoro wazi. Madam alisimama mlangoni akaniita.

"Mwalimu, mwambie tunasikitika sana. Lakini hii nyumba ni ya wazazi wa watoto wagonjwa. Mtoto wake si mgonjwa tena. Kesho asubuhi aache kitanda."

Nilidhani nimekosea kusikia. Nikamwambia kuna vitanda viwili vitupu mle mle chumbani. Akajibu kwamba sheria haiangalii vitanda.

Mama wa Lafey alifunua uso akaniuliza, "Abaayo, anasemaje?" Abaayo ni dada, na ndivyo tulivyoitana.

Nikamtazama Madam, aliyekuwa amesimama na funguo mkononi. Kisha nikageuka, nikasema kwa Kisomali changu cha darasa la kwanza: "Anasema Mungu akupe subira. Anasema nyumba hii ni yako mpaka gari lipatikane, na watu waje wakupe pole hapa hapa."

Yule mama aliinuka, akaushika mkono wa Madam kwa mikono yake yote miwili, akamwombea dua ndefu. Madam alisimama akishangaa.

"Ameelewa?"

"Ameelewa, Madam."

"Ataondoka lini?"

"Msafara ukipatikana."

Jambo nililolisahau ni taar, ile redio ya kuitana ambayo wenye maduka walikuwa nayo kila mji wa huko, wewe unasema Garissa na mtu anasikia Mandera. Jioni ile mama wa Lafey alikwenda dukani, akampelekea mumewe habari ya kifo. Akaongeza kwamba asihangaike, wenyeji wake wamempa nyumba ya kukaa matanga, iko Galbet, ile ya wagonjwa. Na taar husikilizwa na kila aliyepo dukani.

Asubuhi walianza kumiminika. Wanawake wa Galbet waliingia uani na mabirika, wanaume wakatandika mikeka nje ya ukuta. Walikuja watu wa ukoo wake waliokuwa hawajui kama yupo, wakaja na wasio wa ukoo wake kabisa. Madam alipofika kazini alikuta ua umejaa. Hajakaa sawa, bibi mmoja mzee akamwendea, akamshika mkono akamwambia, "Samir iyo iimaan," yaani Mungu akupe subira na imani. Wa pili naye akaja, na wa tatu. Mwingine akamsogezea kikombe cha chai ya maziwa, akamkalisha mkekani.

"Hawa wananiambia nini?" akaniuliza.

"Wanakupa pole ya msiba."

"Msiba wangu?"

"Msiba uko nyumbani kwako, Madam. Mwenye nyumba hupewa pole pamoja na mfiwa."

Nilimwangalia usoni nikitumaini. Sitaficha, nilitumaini. Chai ilikuwa mkononi mwake, bibi yule amemwekea mkono begani, na kwa kitambo kidogo nilidhani atainywa. Aliiweka chini. Akasimama, akakung'uta sketi, akauliza ni nani aliyewaambia kwamba hapa ni nyumbani kwake. Kisha akamwita mlinzi awatoe wote.

Mlinzi alikuwa mzee wa Kisomali, mtu wa maneno machache. Aliwatazama watu, akamtazama Madam. "Mama, mimi iko na kazi, nataka kazi yangu. Lakini watu wa msiba, mimi habana weza fukuza. Funguo hii hapa. Funga wewe."

Na mwishowe alifunga Madam mwenyewe. Wanawake walikunja mikeka na kutoka, wengine wakiniuliza kwa macho kuna nini. Mama wa Lafey nilimwambia kwamba watu wamezidi, ua hautoshi, tukae nje penye nafasi. Akakubali. Akasema hata kwao watu wakizidi hukaa nje ya nyumba. Wakatandika upya kwenye mchanga, ukutani, penye kivuli cha miarobaini miwili.

Madam alinizuia pale getini. "Jana ulimwambia nini?"

Nikamwambia, neno kwa neno.

Akasema nimevunja uaminifu, nimeidanganya nyumba iliyonisitiri, nikachukue vitu vyangu. Hapo nilicheka, Mungu anisamehe, kicheko kibaya. Nikamwambia, "Mwanangu bado mgonjwa, Madam. Sheria yako inanilinda. Ningekuwa nimefiwa ndio ungenifukuza."

Nami sikuhitaji kufukuzwa. Nilitoka mwenyewe nikaketi nje na wafiwa. Kina mama wengine waliponiona nimetoka, nao wakatoka, mmoja akiwa na mtoto mgongoni. Siku zile za matanga tulikuwa tukienda wodini na kurudi mkekani, na kulala tulilala kwa wanawake wa Galbet, walituchukua wote bila kuuliza tutakaa muda gani, mama wa Lafey nikimwambia ni kwa wingi wa wageni. Ndani ya ukuta, nyuma ya kufuli, vitanda vilikuwa vimetandikwa vizuri na havina mtu. Ile ndiyo picha inayonirudia watu wakianza kusifu. Kuna huruma inayompenda mtu akiwa na faida ya kuonekana. Mama aliyekumbatia mtoto mgonjwa anaonekana, mgeni akija anaonyeshwa. Mama mwenye mikono mitupu wanamwona wa nini? Nilikasirika siku ile na nimekasirika leo.

Siku ya kuondoka msafara, magari yakiwa yamepanga foleni barabarani, mama wa Lafey alinishika mkono. Akasema hawezi kuondoka bila kumuaga mwenye nyumba. Nilijaribu kumzuia, nikasema Madam ana kazi. Akasema hata kama ana kazi, mtu hali chumvi ya mtu akaondoka kama mwizi.

Tukaingia. Geti lilikuwa wazi siku hiyo. Madam alikuwa mezani kwake, na alipomwona aliinuka nusu, nadhani alidhani amekuja kugombana. Mama wa Lafey aliuchukua mkono wake tena kwa mikono yote miwili, akasema maneno yake taratibu, akisimama kila baada ya sentensi ili nitafsiri.

Nilitafsiri yote, sikuongeza wala kupunguza. "Anasema Mungu akulipe kwa kumpa mlango wa kumlilia mwanawe. Anasema alikuja hapa hana mtu, na anaondoka akiwa na watu. Anasema akifika Lafey atawaambia wenye watoto wagonjwa wasiogope, Garissa kuna nyumba yenye heshima."

Madam alinitazama mimi, si yeye. Alikuwa amejua kila kitu, na alijua kwamba najua. Nilingoja. Neno moja tu lingetosha, pole, hata kwa Kiingereza, ningelibeba kama yai.

Akatoa mkono wake polepole, akatabasamu tabasamu la wageni wa ofisini. "Mwambie asante," akasema. "Mwambie karibu tena."

Mama wa Lafey alinigeukia, akingoja nimwambie.

Nikamwambia gari linaondoka.