Komeo la Mlango wa Choo

Shemeji yangu ni fundi wa vigari vya chuma, vile ambavyo watu wazima wenye akili zao hununua na kuvifungia kabatini. Milango yake inafunguka, waipa zinacheza, hata usukani unazunguka. Nyumbani kwake, mlango wa choo unafungwa kwa kamba tangu amuoe dada yangu. Ukiwa ndani unakohoa ili wenzako wajue; wageni wanadhani sote tunaumwa kifua.

Juzi dada alikuja juu. "Mume wangu, leo unanitengenezea komeo, la sivyo hulali humu!"

Bwana akaupima mlango, akajifungia na tupa zake kutwa nzima. Akatoka meno yote nje. Kumbe vipimo alivigawanya, kama anavyofanya akinakili gari la kweli. Komeo lilikuwa zuri ajabu, na dogo kama punje ya mchele.

Dada akalipokea. Alilitundika sikioni kama hereni.

Asubuhi shemeji akaliona, akaduwaa. Tukajua leo aibu imemwingia.

"Mke wangu," akasema kwa upole, "hebu livue. Kuna lori la mteja limekosa komeo la nyuma."