Mapango ya Kwanza, Mapango ya Pili

Banda lenyewe halipo tena. Nilishuka stendi ya Nachingwea na begi langu begani, kanga ya msiba bado kiunoni, nikafuata kichochoro kile kile cha nyuma ya soko, nikakuta mahali pake pana duka la makava ya simu. Dada wa dukani akanikaribisha, akaniuliza nataka la simu gani. Nikamwambia napita tu. Ningemwambia nini? Kwamba jana tumemzika kaka yangu Mbekenyera, na kabla sijapanda basi la kurudi Morogoro nimekuja kuangalia mahali tulipokuwa tukicheza gemu? Angeniona nimechanganyikiwa, na asingekuwa mbali na ukweli.

Basi nikueleze wewe, maana nisipomweleza mtu leo nitapasuka.

Tulilelewa na bibi, kaka na mimi, yeye akiwa amenitangulia miaka miwili. Nyumba ilikuwa mjini, shamba la mikorosho liko Mtua. Msimu wa korosho ukifika, kila siku isiyo ya shule tulikuwa chini ya mikorosho tumeinama kama watu waliodondosha sindano, na hewa yote inanuka mabibo yaliyoiva mpaka unalewa kabla hujayaonja. Jioni bibi anachemsha ming'oko, vile viazi vya porini, kwa chumvi, tunakula huku tunabangua korosho za nyumbani. Mafuta ya maganda yake yanaunguza. Vidole vyetu vilikuwa vyeusi, ngozi inabanduka vipande vipande, na ukishika maji ya moto unaruka. Tukilalamika bibi anasema, "Korosho haiokotwi kwa mdomo." Ndiyo jibu lake la kila kitu, hata ukimwambia kichwa kinauma.

Kwa vidole hivyo hivyo tulishika pedi ya gemu.

Mwenye banda alikuwa kijana wa Kimakua, wazazi wake walitoka Msumbiji, na udhaifu wake mkubwa duniani ulikuwa korosho za kukaanga. Ukimpelekea bakuli hakuulizi habari nyingine. Alikuwa na TV ya kichogo, mashine moja ya gemu, na benchi la mbao lililokuwa linabana nguo za watu. Wavulana wengine walicheza mpira na ngumi. Kaka na mimi tulipenda gemu moja ambalo jina lake la Kiingereza hatukuliweza, tukaliita Mapango. Stelingi wake anaingia chini ya ardhi kutafuta watu wa kijiji chake waliomezwa na mlima. Anapanda, anaruka, anapigana na viumbe vya huko chini. Mimi nilikuwa msichana peke yangu mle bandani, na majirani walimwambia bibi kila walipopata nafasi. Bibi akawajibu kwamba nikiwa na kaka yangu siogopi kitu. Ndivyo ilivyokuwa kweli.

Sasa nikwambie ukweli kuhusu Mapango ya kwanza: lilikuwa gemu gumu la kijinga. Stelingi hakujua kuogelea. Shujaa mzima, mabega kama mlango, akikanyaga maji ya kifundo cha mguu anakufa. Hakukuwa na ramani, kwa hiyo tulipotea humo hadi tukazijua kuta kama nyumbani. Ukigeuka vibaya, unaona ukuta tu, na adui anakupiga kutoka mahali usipopaona. Baya kuliko yote, ukianguka unarudishwa mwanzo wa pango. Hata kama ulikuwa umebakiza mlango mmoja. Halafu lilikuwa gemu la mtu mmoja, kwa hiyo akicheza kaka mimi nasubiri, nikicheza mimi yeye anasubiri. Kaka hakuweza kusubiri kimya. Anashika goti langu na kulibonyeza kama pedi: "Ruka! Ruka sasa! Aah, umeshaanguka." Tulilitukana gemu lile msimu mzima, na kila siku tulirudi.

Mwanzoni kabisa gemu lilimtaka mchezaji aandike jina. Kaka aliandika la kwake, herufi moja moja, ulimi nje. Jina hilo likahifadhiwa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu iliyochomekwa kwenye mashine, pamoja na kila pango tulilolivuka. Siku tulipolimaliza, jina lile liliandikwa kwenye kioo juu ya picha ya wanakijiji wakitokea kwenye mwanga. Kaka akanibeba mgongoni mpaka nyumbani.

Mwaka uliofuata, likizo ya mwezi wa sita, kaka alipelekwa jandoni.

Wewe wa kwetu unajua. Kwa asiyejua, nimweleze tu kwamba mtoto wa kiume akitoka jandoni anatoka na jina jipya. Lile la utotoni linabaki kule porini pamoja na nguo za zamani. Kumwita mtu jina lake la utotoni baada ya hapo ni kumtukana, na faini yake ni kuku. Ndiyo maana hata leo, na kaka yuko kaburini, jina hilo sikutajii.

Nilimsubiri siku zote zile. Siku ya kutoka ngoma zililia, bibi akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, na kaka akapita mbele yangu na kanzu mpya, mafuta usoni, hakunitazama. Kila mtu alimsifu. Jirani alisema, "Amekuwa mtu sasa." Mwalimu wetu naye akasema ametulia darasani. Na kweli, kaka alirudi ameboreka. Anaamka bila kuamshwa, anasalimia wakubwa kwa heshima, habishani. Chumbani kwa bibi haingii tena. Mimi akaacha kuniita jina la utani alilonipa, akawa ananiita "wewe." Nikimwambia twende bandani ananijibu, "Nenda kacheze na watoto wenzako." Nikilia, anatoka nje. Nilimwuliza bibi ni lini kaka atarudi. Bibi akanitazama kwa huruma, akasema, "Si huyo hapo?"

Msimu wa korosho ulipofunguka, mwenye banda alikwenda Dar es Salaam akarudi na Mapango ya pili. Nilienda kuliona na bakuli langu mkononi, peke yangu, na hadi leo nakumbuka nywele zilivyonisimama. Stelingi anaogelea! Anapiga mbizi, anakuta mapango mengine chini ya maji yale yale yaliyokuwa yanamuua. Kuna ramani inayojichora kadiri unavyotembea. Unaweza kuchagua njia. Macho ya gemu yanageuka unakotaka, kwa hiyo adui akikupiga huwezi tena kuulaumu ukuta. Na watu walikuwa wawili: stelingi na mdogo wake wa kike, aliyemwokoa kwenye lile la kwanza. Pedi mbili, wachezaji wawili, kwa wakati mmoja. Mmoja akianguka harudishwi mtu mwanzo. Mwenzake anamkimbilia, anabonyeza kitufe cha kidole gumba haraka haraka, anamwinua. Akichelewa, aliyeanguka anatoweka, na wewe unaendelea peke yako.

Yaani kila tulichokilalamikia, mtu fulani huko ng'ambo alikuwa ametusikia na kukirekebisha. Likanikuta sina mwenzangu. Nilicheza na mwenye banda, lakini alikuwa anatafuna na kunitazama tu ninavyokufa.

Halafu ikaja mvua ya kwanza. Watu wote walikuwa mashambani wanakimbizana na korosho zilizoanikwa, na banda lilikuwa tupu. Kaka alikuwa anapita na baiskeli, mvua ikamzidi, akaingia kujikinga. Alisimama mlangoni ananyeshewa nusu, macho yako kwenye TV. Nilimnyooshea pedi ya pili. Niliogopa hata kupumua. Akatazama nje, akatazama TV, kisha akakaa kwenye benchi.

Ndugu yangu, kaka alirudi. Sijui nikwambieje. Alipomwona stelingi anaogelea alipiga kelele, "We! Anaogelea huyu!" na akanipiga bega. Kwenye mteremko wa kwanza akaanguka, akaanza kupiga makelele: "Niinue! Mdogo wangu, niinue! Natoweka!" Nikakimbia, nikabonyeza mpaka kidole changu kilichobanduka kikatoka damu, nikamwinua. Akaanguka tena. Nadhani mara nyingine alikuwa anaanguka makusudi. Tulicheka mpaka mwenye banda akaacha korosho zake akaja kukaa nasi. Juu yetu bati linapigwa na mvua, hatusikiani, na sikumbuki siku nyingine niliyowahi kuomba mvua isikatike.

Tulipofika kwenye lango kubwa la mlima, wavulana wa rika lake, wale waliokuwa naye jandoni, waliingia wakikimbia mvua. Kaka akakaa vizuri, akashusha pedi kidogo, lakini hakuinuka. Nikasema moyoni, hakuinuka.

Mapango ya pili lilikuwa na jambo moja jipya ambalo hatukulijua. Lilisoma kadi ya kumbukumbu ya lile la kwanza. Lango likafunguka, wanakijiji wote tuliowaokoa mwaka wa jana wakajipanga pande mbili, na juu yao yakatokea maandishi ya dhahabu ya kumkaribisha tena shujaa wao. Kwa jina. Lile jina, kubwa, kioo kizima.

Kikafuata kicheko kilichosikika hadi nje kwenye mvua. Mmoja akalisoma kwa sauti, mwingine akamfuata, na mwingine akapiga meza: "Mashine ilipe kuku! Oya, mwenye banda, mashine imetukana, ilipe kuku!" Mwenye banda alikuwa anachekacheka hajui pa kuangalia. Kaka alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa umerudi kuwa ule wa kanzu mpya.

"Nitoleeni hilo," akasema.

Mwenye banda akamwonyesha namna. Jina halikuweza kufutwa peke yake, lazima kufuta kila kitu kilichokuwa chini yake. Mapango yote, wanakijiji wote, msimu wetu mzima. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili. "Kaka, usifute. Nakuomba kaka. Sitamwambia mtu, sitakuita, usifute." Hakunisukuma, nikiri hilo. Alisubiri tu mpaka nikachoka, kisha akabonyeza. Gemu likarudi kwenye lango lile lile, wanakijiji wakasimama, wakatukaribisha kama wageni. Akaniwekea pedi yake mapajani, akachukua baiskeli, akaondoka na mvua yake.

Hakugusa gemu tena maisha yake yote. Mimi nilicheza wiki ile, mdogo wa kike anaogelea peke yake, halafu nikaacha. Kaka alioa Mbekenyera, akapanda mikorosho yake na ufuta, akawa mtu wa kutegemewa. Kila msimu alinitumia korosho Morogoro, zimebanguliwa na mikono yake. Simu zetu zilikuwa za afya na mvua. Alikuwa kaka mwema. Nilimkosa huku anaongea nami.

Wiki iliyopita wifi alinipigia. Bodaboda aliyopanda kaka ilianguka barabara ya Ruangwa, yuko hospitali, haamki. Nilifika nikamkuta amelala, kichwa kimefungwa, mkono wa kulia uko juu ya shuka. Nesi akatuambia tumwite, huenda anasikia. Wifi akamwita baba watoto mpaka akashindwa. Baba mkubwa akamwita kwa jina lake, lile la ukubwani, kwa sauti ya kuamuru kama anamtuma. Hakuna. Nami nikamwita kaka, kaka, kaka. Hakuna. Hapo nikajua limebaki jina moja tu, na baba mkubwa amesimama pale pale.

Nikainama sikioni kwake nikalitaja. Miaka yote ile, na lilitoka kama nilikuwa nimelitafuna jana.

Macho hayakufunguka. Midomo ndiyo iliyosogea. Wifi alidhani anaomba maji, lakini mimi nilimsikia vizuri.

"Niinue."

Nilikishika kidole gumba chake nikakibonyeza. Nilibonyeza haraka haraka, namwambia nipo, nakuja, usitoweke, nikabonyeza na kubonyeza mpaka nesi akaja na wifi akanishika mikono akasema, "Basi wifi. Basi."

Asubuhi ya mazishi nilimpelekea baba mkubwa kuku wa faini. Alimpokea, akageuza uso.

Sasa nimesimama mbele ya duka la makava, basi linaondoka baada ya muda mfupi, na hakuna tena duniani mtu wa kuitikia jina lile. Ukiniuliza, nitakwambia Mapango ya pili lilikuwa bora kwa kila kitu, sibishani na mtu. Lakini lile la kwanza, lile la kijinga, ukianguka lilikurudisha mwanzo. Tulilitukana kwa hilo. Leo ningelipa kuku wote wa Mtua turudishwe mwanzo, yeye acheze na mimi nisubiri.