Koti la Jenerali Vitanzi

Shangazi yangu anashona sare za shule, na mdomo wake una ncha kuliko sindano zake. Mimi nashona naye chumba kimoja, cherehani yangu mkabala na yake, kwa hiyo haya sikuyaokota barabarani. Mengine niliyaona kwa macho, na mengine nililazimika kuyasikia kila aliporudi kutoka ofisini amefura.

Kaka yake mkubwa, ambaye kwangu ni baba mkubwa, alikuwa dereva wa jeshi. Wakati wa vita vya mpakani aliendesha boza, lori la tangi la maji, gizani, taa zimezimwa, kwenye barabara ambayo kila mwenye akili zake alikuwa akiikimbia. Vita vilipokwisha akaambiwa medali mbili zinamngoja, moja ya vita na moja ya utumishi mrefu. Alipostaafu akamletea dada yake koti la kaki. "Nishonee vitanzi viwili hapa kifuani, upande wa kushoto, ili zikija nisihangaike." Shangazi akavishona kwa uzi mwekundu. Vikakaa vitupu mpaka uzi ukapauka.

Kila Jumamosi alilivaa koti hilo kwenda kwa kinyozi wa mtaani kwetu, na huko ndiko walikombatiza Jenerali Vitanzi. Kinyozi, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe wa kumzaa, hakumwamkia hata siku moja. "Mambo vipi, Jenerali? Uliua wangapi?" Baba mkubwa hakujua kudanganya, na kwa pale kijiweni hilo lilikuwa kosa kubwa. "Sikuua mtu. Nilipeleka maji." Wateja walicheka mpaka povu la sabuni likawaingia mdomoni. Medali ya maji! Akafa hivyo, bila mke, bila mtoto na bila medali. Hata makaburini nilimsikia mtu akinong'ona kwamba Jenerali sasa amestaafu moja kwa moja. Shangazi naye alisikia. Akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Watamwamkia. Amekufa, lakini watamwamkia."

Ndipo alipoanza kwenda Ofisi ya Heshima na Nishani.

Karani wa dirishani alikuwa mpole, ule upole wa mtu asiye na nia ya kukusaidia.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Amefariki."

"Pole sana, mama. Kwa nini hakuja kabla?"

"Alikuja. Alikuja mpaka viatu vikaisha soli."

Karani akafungua faili, uso ukamchangamka. "Kweli, alikuja. Basi suala lake liko kwenye mchakato." Shangazi aliporudi akaniuliza huo mchakato ni mji gani, maana kila anayepelekwa huko harudi.

Baadaye ikabainika kwamba medali haipokewi mkononi kama chenji ya dukani. Huvishwa kwenye gwaride. Gwaride haliwi bila bendi, bendi haipigi bila tarumbeta kubwa, na tarumbeta kubwa lilipelekwa kwa fundi enzi za meja aliyetangulia kuiongoza ofisi hiyo. Fundi naye amehama, haijulikani amehamia wapi, ila tarumbeta bado linahesabiwa kuwa liko njiani. Mashujaa wa nchi nzima walikuwa wakimsubiri mtu mmoja amalize kulehemu bomba. Na hata likirudi, karani akaongeza, ndugu wa marehemu lazima alete shahidi aliyekuwa na marehemu vitani.

Shahidi hakuwa mbali. Kwenye korido ya ofisi ile kulikuwa na benchi moja refu, limefunikwa blanketi la kijani lililopigiliwa misumari, na mwisho wa benchi alikuwa akikaa mzee mmoja kila siku ya kazi, fimbo katikati ya magoti, utadhani ameajiriwa. Watumishi walimwita Mzee wa Benchi. Alipigana vita hivyohivyo, naye alikuwa akifuatilia medali yake. Shangazi akamshika mkono mpaka dirishani.

"Mzee, ulikuwa vitani?" karani akauliza.

"Nilikuwa."

"Medali yako iko wapi?"

"Si ndiyo ninayoingojea hapa!"

"Basi hatuna uthibitisho kwamba ulikuwa vitani. Huwezi kuwa shahidi."

Karani aliyasema hayo bila hata kutabasamu. Wawili wale wakarudi kukaa.

Wakakaa sana. Ukuta wa korido ulipakwa rangi upya, ukachakaa tena, wao wapo. Shangazi alikuwa akienda na mashati ya wanafunzi ili atie vifungo huku akisubiri, maana watoto wa watu hawawezi kwenda shule vifua wazi kwa ajili ya tarumbeta. Nikamwambia, "Shangazi, achana nao, watakuua kwa presha." Akanijibu kwamba akifa nitakwenda mimi, kwa hiyo nimwombee uzima. Tangu siku hiyo nilimwombea kweli.

Siku moja akavaa gauni lake la bluu, lile la heshima, kwa sababu karani alimdokeza kwamba meja mpya anapokea watu. Alipoitwa na kuinuka, kitu chini ya blanketi kikaling'ang'ania gauni, likachanika kutoka kiunoni hadi kwenye pindo. Mfanyie Shangazi lolote, lakini usimchanie nguo aliyoishona kwa mkono wake. Aligeuka, akalishika blanketi kwa mikono miwili, akaling'oa pamoja na misumari yake. Chini hapakuwa na benchi. Palikuwa na masanduku mawili ya mbao yaliyopangwa kichwa kwa kichwa, kingo zimefungwa bati, na ubavuni yameandikwa kwa rangi nyeupe: MEDALI ZA VITA VYA MPAKANI. ZISHUGHULIKIWE KWA HESHIMA.

Mzee wa Benchi akasoma, akarudia kusoma, kisha akainuka polepole akiegemea fimbo.

"Nimeikalia," akasema. "Siku zote hizi nimeikalia."

Kelele za Shangazi zikamtoa meja ofisini kwake. Akayazunguka masanduku, akainama, akasoma, akajipangusa jasho.

"Mama, tulia. Haya hayawezi kufunguliwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si masanduku. Kwenye hesabu za mali za ofisi hili ni benchi la wageni, moja. Nikilifungua, wakaguzi wakija watakuta benchi halipo. Nitawajibu nini?"

Aliuliza kwa uchungu wa kweli, na usidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa tu anawaogopa wakaguzi kuliko baba mkubwa alivyoogopa mabomu.

Shangazi akalikusanya mkononi gauni lake lililochanika. "Kwa hiyo, baba, unachotaka wewe ni benchi tu?"

"Benchi la wageni. Moja."

Kesho yake asubuhi tukalipakia kwenye mkokoteni benchi la wateja wetu, la mbao ngumu, lile ambalo akina mama hulikalia wakati watoto wao wakipimwa sare. Mimi nasukuma nyuma, Shangazi yuko mbele na gauni la bluu limeshatiwa kiraka, anawafokea watu watupishe. Meja akalipokea benchi. Akaligonga, akalikalia, akajitikisa, akaridhika, akasaini: benchi la wageni, moja, hali nzuri. Hapo masanduku yakaruhusiwa kuwa masanduku tena, na Shangazi akabandua bati kwa mkasi wake wa kukatia vitambaa.

Ndani mlijaa vibahasha, kila kimoja kina jina la mtu. Tulikuwa tukivipanga juu ya benchi letu, na karani akituambia huyu amefariki, huyu pia, huyu alikuwa akija na mkewe, siku hizi simwoni. Nilisikia aibu ambayo haikuwa yangu. Cha Mzee wa Benchi kikapatikana, na cha baba mkubwa pia. Karani akakagua kitambulisho, akamkabidhi, lakini mzee hakuweza kuifunga mwenyewe kifuani, ikabidi Shangazi amvishe. Hakuna tarumbeta lililolia, wala hakuna aliyelitaja gwaride tena. Karani akakohoa, akasema kwa upole wake uleule:

"Haya, mzee. Sasa unaweza kuwa shahidi."

Mzee akasogea dirishani na medali yake kifuani.

"Marehemu ulimfahamu vipi?"

"Nilikunywa maji yake," mzee akasema. "Kikosi kizima tuliyanywa. Siku tatu ndimi zimekauka, tukasikia boza linakuja halina taa. Andika hivyohivyo."

Karani akaandika. Kwa mara ya kwanza sikuona ule upole usoni mwake, niliona kitu kingine, nacho kilimpendeza zaidi.

Tulirudi na medali moja tu. Ile ya utumishi mrefu iko ofisi nyingine, na Shangazi ameshaniagiza nikachungulie wageni wa huko wanakalia nini.

Jumamosi iliyofuata akalitoa koti la kaki kabatini, akalipiga pasi, akaitundika medali kwenye kitanzi cha kwanza. Cha pili akakiacha wazi. Tukaenda kwa kinyozi. Palikuwa pamejaa, redio inaongea peke yake, na kiti cha kunyolea ndiyo kwanza kimeachwa na mteja. Shangazi hakumsalimia mtu. Akakivalisha kile kiti koti mgongoni, akalinyoosha mabega, akafunga kifungo cha juu.

"Mteja wako amekuja," akasema.

Mmoja wa waliokaa akafungua mdomo kutia mzaha, akaiona medali, akaufunga. Kinyozi akamtazama Shangazi, akalitazama koti, akatazama ile medali na kile kitanzi kitupu kando yake. Nilimwona hajui aiweke wapi mikono yake. Mwishowe mikono ikafanya inachokijua. Akachukua brashi, akapangusa kola, akapangusa bega la kushoto, kisha la kulia, taratibu, vile anavyowafanyia wateja wote wakimaliza kunyolewa. Akaiweka brashi chini, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

Shangazi akangoja. Nadhani wote tulingoja, maana salamu ile ilikuwa na mwenyewe. Halafu akaitikia kwa niaba ya kaka yake.

"Marahaba."