Philippa Mwizi wa Jemu

Dada yangu Octavia Prendergill tumemzika Jumanne hapa Cheltenham, na magazeti yanamwita mama wa watoto wote wa Uingereza. Mama gani? Hakuzaa, hakulea, na mtoto akimsogelea na vidole vya siagi alimfukuza kama kuku.

Baba yetu alikuwa mchungaji mwenye vitabu vingi na mabinti wawili. Octavia alivisoma vyote, akafika miaka arobaini bila mume, ndipo akaanza kuwaandikia watoto historia. Alikuwa na ujanja mmoja tu: kila mfalme mbaya alimfananisha na mtoto mtukutu, tena kwa jina. “Mfalme John alikuwa mwongo, kama mpwa wangu Philippa, aliyeiba jemu akamsingizia mtumishi.”

Philippa ni binti yangu, na hajaiba kitu. Aliyeiba jemu ni Octavia mwenyewe, tulipokuwa wadogo. Mtumishi wa watu akafukuzwa, na Octavia akanyamaza kimya, midomo bado inanata.

Kitabu kikaingia kila nyumba. Binti yangu alizomewa shuleni, alizomewa kanisani. Alipochumbiwa na Edwin Garth, mama mkwe mtarajiwa alikuja kunywa chai, akamtazama, kisha akalivuta bakuli la jemu upande wake.

“Kumbe ndiye yule wa kitabuni?” akaniuliza. “Mwanangu aoe mwizi anayejulikana hadi na watoto wa shule? Thubutu!”

Edwin akaomba muda wa kufikiri. Nikasikia kitabu kinakwenda kuchapwa upya, basi nikamshika Philippa mkono tukaenda kwa Octavia.

“Dada, litoe hilo jina. Weka lako.”

“Punguza sauti, Bertha. Watoto wamemzoea Philippa.”

“Mwizi ni wewe, na unajua ni wewe!”

“Mwambie umtakaye. Watu wana kitabu, wewe una mdomo tu.”

Philippa akapiga magoti. “Mama mkubwa, nakuomba. Edwin ataniacha.”

“Inuka, unanilowanishia karatasi,” akasema yule mchawi. “Haya, nitaibadilisha hiyo sentensi.”

Tulirudi nyumbani tukicheka kama wendawazimu. Na kweli, aliibadilisha. Kitabu kipya kilisema: “Mfalme John alikuwa mwongo, kama mpwa wangu Philippa, aliyeiba jemu akamsingizia mtumishi, na hadi leo, wapenzi wangu, hakuna aliyemwoa.”

Edwin alikisoma kabla yetu. Barua zote ambazo Philippa alikuwa amemwandikia zilirudi siku hiyohiyo.