Waifai Niliizima Mimi, Fundi Akaitwa Tapeli

Mkosa ni mimi. Si fundi, si kifaa, si umeme. Mimi! Hata daftari langu, ambalo hulieleza kila kitu mpaka rangi ya soksi za walimu, hili nimelificha wiki tatu. Nakwambieni nyinyi kwa sababu hamnijui sura.

Nina miaka kumi na sita, nnakaa Mji Mkongwe, na haya zangu ni za kuchekesha. Nikienda dukani kutaka chumvi, muuzaji akasema "sukari?", huitikia na kurudi nyumbani na sukari. Shuleni nina rafiki mmoja tu, nimwite Mwaka. Baba yake, Fundi Mcha, ni mtu wa Makunduchi, huko shamba, kazi yake kufunga vifaa vya nyumbani vinavyoendeshwa kwa simu. Mimi ndiye niliyemtaja kwa Baba.

Baba yangu anapenda kuonekana. Alinunua taa zinazopokea amri, kengele ya mlango yenye kamera, na swichi ya kuwasha pampu ya maji. Babu yake alikuwa na mashamba ya mikarafuu, yeye ana taa zinazobadilika rangi!

Fundi alipomaliza kufunga akaniita kwenye ruta, kile kisanduku cha waifai.

"Mwanangu, hapa pana mitandao miwili. Huu wa 2.4 ni wa pole, lakini unapenya kuta hizi za mawe na chokaa, na vifaa vyote hivi vinaujua huo tu. Huu wa 5 una kasi, lakini ukuta mmoja tu, hoi. Wa pole usiuguse."

"Naam," nikasema. Naam! Kwa mdomo huu huu.

Sasa simu yangu ikawa kila mara inajirudisha kwenye ule wa pole, video zinakwama. Chumba changu kiko ubavuni mwa ruta. Ningeuchagua wa kasi kwenye simu yangu, kidole kimoja, yakaisha. Lakini mie nshajiona mhandisi! Namba ya siri Baba ameibandika nyuma ya ruta. Usiku wa kuamkia Ijumaa nikaingia, nikauzima wa 2.4 kwa nyumba nzima, nikajilaza na video zangu kama bibi harusi.

Ijumaa hiyo, baada ya alasiri, Baba akaleta wageni, wazee wenzake wa barazani. Akasimama katikati ya sebule, akaiamrisha taa kwa Kiingereza. Kimya. Akaamrisha tena, kwa sauti ya kumfokea mtoto. Kimya.

"Iambie kwa Kiarabu," mgeni mmoja akasema, "huenda ikaona haya."

Wakacheka mpaka kofia zikawaanguka. Ikafika magharibi, wanataka kutawadha, bomba likatoa pumzi tu. Pampu haikuwa imewaka tangu asubuhi! Wazee wazima wakatawadha kwa maji ya chupa, huku Baba akiwamiminia.

"Nlijua mie," akasema. "Mtu wa shamba umpe nyumba ya mjini!"

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilijua. Wallahi nilijua tangu taa ya kwanza.

Asubuhi Fundi Mcha akaja kutoka Makunduchi. Nikamwamkia, "Shikamoo." "Marahaba, mwanangu." Akafungua ruta kwa simu yake, akatazama kidogo.

"Mzee, mtandao wa 2.4 umezimwa. Huu haujizimi wenyewe. Kuna mtu kaugusa?"

Baba akanitazama. Fundi akanitazama. Nikatikisa kichwa kukana.

Fundi akauwasha. Yarabi! Taa zote zikawaka kwa pamoja, pampu ikanguruma.

"Enhe!" Baba akasema. "Hata kiti hukukikalia! Umeitia nyumba maradhi mwenyewe, sasa umekuja kuitibu. Tapeli mkubwa wee!"

Fundi alikuwa ananitazama. Alijua. Angeweza kusema. Akakusanya vyombo vyake, akaniambia, "Kwaheri, mwanangu," akaondoka.

Hilo "mwanangu" mpaka leo halijanitoka masikioni.

Baba akalipeleka neno barazani, kisha Mlandege, kwenye duka linalouza vifaa hivyo. Mwenye duka ndiye aliyekuwa akimpa Fundi wateja. Akaacha kumpa.

Nikamwambia Baba ukweli. Nililia nikasema yote. Baba akasema, "Basi, limeshapita. Nshasema kwa watu, uso wangu niuweke wapi?" Uso! Wa Fundi Mcha ni kiatu?

Nikaenda Mlandege peke yangu, mie wa chumvi na sukari. Nikamweleza mwenye duka, jasho linanitoka. Akacheka.

"Binti, baba yako alikuja hapa na sauti. Mwambie aje na sauti ile ile."

Baba hajenda. Kila nikimkumbusha, ana udhuru.

Mwaka nilimwambia mwenyewe. Hakunitukana. Alisema, "Na wewe ulikuwepo, ukamtazama baba yangu?" Nikatikisa kichwa tena, safari hii kwa kukubali.

Basi nyinyi wenye haya kama mimi, msijidanganye kuwa kunyamaza ni adabu. Mkiulizwa nani kagusa, semeni "mimi" pale pale, hata sauti ikitoka kama ya paka. Msingoje kesho. Mimi nilingoja, na siku hizi Mwaka, tuliyekuwa tukikaa dawati moja, anakaa dawati la mbele. Kutwa natazama mtandio wake kwa nyuma, na hageuki.