Upepo wa Mlangoni

Mpira wa vinyoya hauchezwi kwenye upepo. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa kuhusu mchezo ule, na mpaka leo nikilikumbuka napandwa na hasira. Kinyoya ni kitu chepesi, kizibo kidogo kilichochomekwa manyoya ya bata. Upepo ukipenya hata kwa upana wa kidole, kinakwenda kinakotaka chenyewe. Kwa hiyo milango hufungwa, madirisha hufungwa, na mtu mzima anayepita nje haoni kinachoendelea ndani.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Tukuyu, mgeni, nimepangiwa kazi kutoka Kondoa ambako mvua inaombewa. Tukuyu mvua haiombewi, inavumiliwa. Nilifika na magauni yangu mepesi, nikaugua mafua mfululizo hadi nilipojifunza kufuma sweta. Miaka ile ilikuwa ya ruksa. Mitumba ilijaa sokoni, kila mtu alikuwa na kibanda chake, na kahawa ambayo zamani ilinunuliwa na ushirika peke yake sasa ilifuatwa hadi majumbani na wanunuzi binafsi wenye pikapu. Shule ndiyo haikuwa na chochote. Shule ilikuwa inatafuta mfadhili, na neno hilo lilikuwa tamu midomoni mwa watu kuliko asali.

Mmoja wa wanunuzi hao wa kahawa akaja kwetu na raketi, wavu na makopo ya vinyoya. Alisema mchezo huo aliucheza ujanani Dar es Salaam, sasa anataka kuwafundisha watoto bure. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazazi, wakamwombea ukumbi wa zamani kule Makandana. Mimi nikateuliwa mlezi wa wasichana. Hakuna aliyeniambia mlezi anafanya nini. Nadhani nilichaguliwa kwa sababu sikuwa na mume wala mtoto, wakaona jioni zangu ni za bure.

Watoto walimwita Kocha. Alikuwa msafi, mcheshi, anajua kila mtoto anatoka nyumba gani na shida ya nyumba hiyo ni ipi. Huyu alimletea raba, yule alimpa baba yake lifti ya kwenda Mbeya. Aliyewapita wote kwa kucheza alikuwa binti wa darasa la sita, mwembamba, anayeishi Msasani ya hapo hapo Tukuyu na bibi yake mzaa mama. Mimi mchezo wenyewe sikuujua, lakini hata kipofu angesikia kwamba raketi yake inalia tofauti na za wenzake. Nje ya ukumbi alikuwa mpole. Akikutana nami njiani alipiga goti hadi matope yakamgusa, kama watoto wa kwao wanavyofundishwa.

Siku moja mvua ilinikamata shuleni nikachelewa. Nilipofika ukumbini nilikuta mlango umetiwa komeo. Niligonga. Nikagonga tena kwa kiganja, kisha kwa ngumi. Kocha alifungua akitabasamu. Watoto wengine walikuwa wameshaondoka, yule binti alikuwa amebaki peke yake pembeni, anafunga kamba za raba ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

"Mazoezi ya ziada," Kocha alisema.

"Na komeo?"

"Upepo, mwalimu. Si unajua mchezo wetu."

Hapakuwa na upepo. Mvua ya siku hiyo ilinyesha wima kama imepigwa timazi. Binti alipita katikati yetu akatoka bila kuaga, mtoto ambaye hajawahi kunipita bila goti. Nilimkimbilia, nikamfunika kwa mwavuli wangu, nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Hakuna kitu, mwalimu." Nikamuuliza tena karibu na nyumbani kwao, akanijibu maneno yale yale kwa sauti ile ile, akitazama vidole vya miguu yake.

Kesho yake nilibeba kiti nikakiweka katikati ya mlango, nikakaa na ufumaji wangu. Nilimwambia Kocha kwamba kuanzia leo mlango huu haufungwi nikiwapo, na nisipokuwapo hakuna mazoezi. Alicheka. Aliwaambia watoto kwamba mwalimu wao anaogopa giza. Upepo wa mlima Rungwe ukaingia, vinyoya vikaruka hadi darini na chini ya madawati, watoto wakanuna. "Mwalimu, kinyoya kinakimbia!" Kila siku wimbo ni huo. Mgongo wangu ulipata baridi, uso wangu ulipata chuki, na wazazi wakaanza kunisema sokoni kwamba mtu wa kuja anawaharibia watoto bahati. Mimi si mtu wa kubembeleza. Niliendelea kufuma.

Ila niliona jambo. Yule binti hakuwahi kulalamikia upepo. Akiingia, kabla ya kushika raketi, alitazama kwanza kiti. Akikuta nimekaa, alikwenda kuchagua upande ulio karibu na mlango, penye upepo mbaya kuliko kote, akacheza hapo hapo.

Kisha yakatangazwa mashindano Mbeya. Kocha alisema atakwenda na mtoto mmoja tu, yule bora, kwa pikapu yake, na huko watalala kwa dada yake. Nikasema mlezi naye aende. Akasema mbele ya gari pana nafasi ya wawili. Nikasema nitakaa nyuma na magunia. Mwalimu mkuu alinivuta pembeni akaniomba nisitie shule aibu; bibi wa mtoto alikuwa amekwisha kukubali, wa kupinga ni nani?

Ndipo nikashuka Msasani. Nilimkuta bibi kibarazani anamenya ndizi mbichi, beseni mbele yake, na mjukuu wake anateka maji pembeni. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, akanipa kigoda. Kabla sijaeleza nilichofuata, pikapu ikasimama barabarani. Kocha alishuka na mfuko wa sukari.

Binti aliweka ndoo chini. Hakukimbia. Aliacha njia, akaingia kwenye migomba, akachuchumaa huko na kujifunika uso kwa kanga.

Kocha aliweka sukari kibarazani, akasalimia, kisha akasimama kuchungulia migombani huku akicheka. "Nyota yangu ina aibu leo," alisema. Akasimama tena kidogo, anachungulia tu. Halafu akaondoka.

"Ndaga fijo, ndaga fijo," bibi alishukuru hadi gari lilipopotea. Alinigeukia, uso wake wote furaha. Kiswahili chake kilikuwa na Kinyakyusa tele. "Umeona, mwalimu? Mtoto anatila."

Nikamuuliza kutila ni nini.

"Ni kuogopa." Akafikiri. "Ni kuheshimu. Kwetu ni hiyo hiyo. Zamani sisi mkamwana akimwona baba mkwe njiani, anaacha njia, anajificha, anafunika uso. Hata jina lake halitaji. Watoto wa siku hizi hawajui. Huyu sijamfundisha mimi, amejua mwenyewe. Ana adabu sana."

"Na baba mkwe yeye anafanyaje?"

"Anapita. Hasimami, hatazami, haiti. Akisimama, huyo hana akili."

"Basi wanatilana ili iweje, bibi?"

Alinicheka. Aliona watu wa Kondoa hawajafundwa kitu. "Ili mwanaume mzima asimkaribie binti. Asije aka..."

Kisu kilisimama katikati ya ganda. Alinitazama mimi. Alitazama migomba ambako kanga ilikuwa bado inaonekana, haijainuka ingawa gari lilishaondoka. Aliweka kisu ndani ya beseni taratibu, akanyanyuka kwa kushika nguzo, akaenda kule akachuchumaa mbele ya mjukuu wake.

Walizungumza Kinyakyusa. Nilisikia bibi akiuliza, binti akijibu kwa ufupi. Halafu binti akasema tena, sauti ndogo ndogo isiyokatika. Sikuelewa lolote zaidi ya lile neno moja nililolijua, lilikuwa linarudi na kurudi. Kisha nikasikia mwanamke mzee analia kama kwenye msiba. Hapo nilielewa. Mtoto yule alikuwa ameshika sheria pekee aliyoijua ya kumweka mwanaume mbali, amekuwa akiisema mbele ya watu wote, na sisi tukamsifia adabu.

Safari ya Mbeya haikuwapo. Mvua iliunyeshea ule mfuko wa sukari pale pale kibarazani, hakuna aliyeuingiza ndani.

Ningependa kusema kwamba haki ilitendeka. Tulikwenda, bibi, binti na mimi, kwenye ofisi ya polisi tuliyoelekezwa. Bwana aliyetupokea alisema atamhoji mtoto peke yake, akatuambia tusubiri nje, akafunga mlango. Niliupiga mlango ule hadi nikatishiwa kufungiwa ndani. Walipotoka aliniambia mtoto hasemi kitu, anatazama chini tu. Nikamwambia mtoto wa Kinyakyusa hawezi kutaja mambo hayo mbele ya mwanaume mzima, tafuteni mwanamke. Akasema mwanamke hayupo, na bila maneno hakuna kesi.

Wazazi waliitisha kikao palepale ukumbini. Nilisema nilichokijua. Baba mmoja, ambaye mwanawe alikuwa wa pili kwa uchezaji, aliinuka akasema fadhila ya punda mashuzi: mtu kawaletea watoto wetu kila kitu, malipo yake ndiyo haya. Halafu akasema kwa sauti ya kunifundisha, "Mwalimu, mlango ukiwa wazi mchezo hauendi."

"Basi usiende!" nilimjibu. Nilipiga kelele, sikatai. Hakuna aliyeniunga mkono, ingawa mama wawili watatu waliinamisha vichwa wakaanza kutazama mabinti zao.

Kocha hakungoja kuambiwa. Alikusanya raketi, wavu na makopo yake, na kahawa ya msimu ule ikanunuliwa na mtu mwingine. Baadaye nilisikia yuko wilaya nyingine, ana timu, amepewa ukumbi. Sikuambiwa kama una mlango unaofungika, lakini upi haufungiki? Niliandikia shule mbili nilizozijua kule. Sikujibiwa.

Hasira ya mchezo uliokufa watoto waliimalizia kwa mwenzao. Walimwita Kinyoya. Walimwimbia jina hilo kisimani na njiani hadi bibi akafungasha akampeleka Lupepo kwa wajomba, na shule ikaishia hapo.

Miaka ilipita. Niliolewa huko huko, nikazoea ndizi na ukungu. Mwaka mmoja nilipelekwa Lupepo kusimamia mtihani. Jioni, nikirudi nilikofikia, nilimwona mwanamke kijana anakuja njia ile ile, mkungu wa ndizi kichwani. Nilimjua kwa miguu kwanza, kwa namna anavyokanyaga kama yuko tayari kuruka upande. Moyo wangu ulifurahi mno. Nilikuwa na mambo ya kumwambia: kwamba sijamsahau, kwamba kile kiti ninacho bado. Nilifungua mdomo nimwite jina.

Naye akaniona. Alitua mkungu pembeni ya njia, akaingia kwenye migomba, akachuchumaa, akajifunika uso kwa kanga.

Nilisimama. Upepo ulikuwa unapiga majani juu yake na pindo la kanga likawa linacheza, analishika kwa mkono. Labda alikuwa ananiheshimu. Labda kuniona mimi ni kuuona ule ukumbi. Bibi yake alishaniambia kwamba kwao ni hiyo hiyo, na aliniambia pia anayetilwa anapaswa kufanya nini.

Nikalimeza jina. Nikapita, sikusimama tena, sikutazama.