Mkono Wangu na Mashine ya Rwekubo

Majina yao sitayaandika, na si kwa kuwahurumia. Ukisema mwenye mashine ya kusaga pale Rwekubo, yule wa mlango wa kijani, kila aliyeishi kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, miaka ile anamjua. Ukisema wakili wa ofisi ya pazia, Mbarara, anajulikana pia. Hao wawili ndio ninaowashtaki hapa. Mmoja alinikata mkono, wa pili akauuza.

Nilikuwa mjane, nakaa Rubondo na wanangu. Wazazi wangu walitutoa Kongo tukiwa wadogo. Shule nilionja tu. Mahindi yangu nilikuwa nikiyapeleka Rwekubo kusaga, kama wanawake wote wa kambi.

Pale kwenye mashine, injini ilikuwa upande huu na kinu upande ule, katikati unakimbia mkanda mrefu. Mwanzoni mkanda ulifunikwa na wavu wa chuma. Lakini ulikuwa na tabia ya kuchomoka, na kila ukichomoka ilibidi wavu ufunguliwe kwanza, foleni isimame, na yule mtu hapendi foleni isimame. Basi akautoa. Akaugeuza banda la kuku nyuma ya nyumba yake. Nimeliona banda hilo, kuku wake wamo ndani wametulia, salama kuliko sisi.

Siku hiyo nilikuwa namwaga mahindi kinuni. Ncha ya kitenge ikashikwa na mkanda, nikaivuta kwa mkono wa kuume, mkanda ukachukua vyote viwili.

Nikiwa chini nilimsikia akisema, "Hawa wanawake wa kambi hawajui kuvaa." Baadaye nikaambiwa mkanda ulifutwa kwa gunia, injini ikawashwa, foleni ikaendelea. Jioni ile watu wa Rwekubo walikula ugali.

Hospitali ya Mbarara waliukata mkono juu ya kiwiko. Kitanda cha jirani alilala mke wa askari kutoka kambi ya jeshi, mguu wake umeungua mafuta ya kukaangia. Alikuwa na mdomo wa kijeshi kuliko mumewe.

"Mama Kongo, wewe nalia kila siku, nataka mukono iote kama muhogo?" aliniambia. "Hii mukono iko na kesi. Tafuta loya."

"Miye mkimbizi, mama. Nani atanisikia?"

"Mukimbizi nachinjwa na mashini bure? Hata ng'ombe ya mutu ikigongwa na gari, watu naenda korti."

Maneno hayo yaliniingia. Nilipotoka hospitali, kabla ya kurudi Rubondo, niliulizia wakili, nikaonyeshwa ofisi ya ghorofani yenye pazia. Wakili alinisikiliza vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kunisikiliza. Akauliza wavu uko wapi sasa, nikamwambia habari za kuku. Akauliza kama mwenye mashine amekuja kuomba radhi, nikasema hajakanyaga kwangu. Kisha akafunga kalamu yake.

"Mambo ya mukimbizi iko kwa komanda wa kambi," akasema. "Hii si ya korti. Enda nyumbani, mama, upone."

Nikaenda. Hata wiki haikuisha, mwenye mashine akafika kwangu na wazee wanne na jerikeni la pombe ya ndizi. Kule Ankole, eneo ilipo kambi, mtu aliyekukosea akija na pombe, mkainywa pamoja mbele ya wazee, jambo limekwisha, na atakayelifufua anaonekana mtu mbaya. Mimi nilikuwa nimelala ndani, kidonda kinawaka. Sikutoka. Majirani zangu wakakaa uani, wakanywa, wakacheka, wakamshukuru. Nilimsikia akiwaambia wazee, "Mmeona wenyewe. Yameisha."

Nilipopata nguvu nilikwenda Rwekubo, nikapita nyuma ya nyumba yake. Kuku walikuwa wanazurura ovyo. Banda halipo. Hapo ndipo nilipoelewa yule wakili alikuwa ananisikiliza kwa niaba ya nani. Nikasimama pale barabarani, nikamwapiza mwenye mashine kimoyomoyo: utasema mwenyewe. Kwa mdomo wako, mbele ya watu, utasema uliutoa wavu. Nilichotaka ni hicho. Majirani wasingenitolea ushahidi. Mashine nyingine ilikuwa mbali, na walihitaji unga.

Siku ya kubadilisha bandeji Mbarara nilimkuta yule mke wa askari, anatembelea fimbo. Nilipomsimulia alisonya.

"Ulienda kwa ile ya pazia? Ile naramba kila sahani. Kuja."

Alinipeleka karibu na msikiti, nyuma ya duka la vitambaa, kwa wakili mzee aliyewahi kuwasemea wajane wa askari. Alikuwa anakula karanga, maganda yamejaa mezani. Alizungumza Kiswahili kilichonyooka, alikisomea pwani zamani.

"Dada, unataka nini?" akaniuliza.

"Nataka aseme aliutoa."

"Sheria itakupa fidia. Maneno ni kitu kigumu zaidi kumtoa mtu."

"Basi unitolee maneno kwanza."

Akacheka, akanisogezea karanga. Tulikubaliana atachukua fungu lake tukishinda, tukishindwa nimletee kuku. Nikamwambia nitamletea wa yule yule mwenye mashine.

Kuhusu pombe nilidhani nina jibu. "Miye Mwislamu, mzee. Pombe sijaionja hata siku moja."

"Usiseme hivyo kortini," akajibu. "Watasema Waislamu wanaokunywa ni wengi, na mimi ninawajua kwa majina. Mwache aseme yeye. Mtu anayesimulia kitu ambacho hakikutokea hukisimulia kama kinavyotakiwa kutokea."

Sikumwelewa. Nilitia saini kwa dole gumba la kushoto.

Siku ya kesi yenyewe, aliyesimama upande wa mwenye mashine alikuwa nani? Yule yule wa pazia. Hakuniangalia. Alimwongoza mtu wake taratibu: tulikwenda kumwona mgonjwa, tulipeleka pombe, mama alikunywa nasi, alitusamehe. Wavu? Wavu haujawahi kuwepo. Mkalimani akatafsiri yote kwa Kiswahili ili nisikie.

Mzee wangu akainuka. Hakugusa habari za wavu.

"Ulimpa pombe wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Kwa kibuyu."

"Alikuwa amelala?"

"Hapana, alikuwa amekaa nasi uani. Alipiga magoti kunipokea. Mama mwenye adabu."

"Sawa. Kibuyu alikipokeaje?"

Mwenye mashine akanyoosha mikono yake mbele, viganja juu, vimeungana, kama mtoto aliyefunzwa vizuri. "Alikipokea hivi, kwa mikono yote miwili. Kwa heshima."

Kulikuwa na mwanamke nyuma aliyecheka kabla sijaelewa. Nadhani alikuwa mke wa askari. Hakimu aliacha kuandika, akaniangalia mimi, akaangalia kitenge changu kilivyolala begani bila kitu ndani. Yule mtu bado amenyoosha mikono, na mimi nilimtazama akiitazama, akijaribu kujua aipeleke wapi.

"Mikono yote miwili," mzee akarudia, polepole. "Sasa tuzungumze habari za wavu."

Mwenye mashine akamgeukia wakili wake. Wa pazia alikuwa ameinama, anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Basi akabaki peke yake, kama mimi nilivyobaki kwenye sakafu yake. Na akasema. Alisema kwa sauti ndogo, hakimu akamwambia aseme tena, akasema tena: ulikuwepo, niliutoa, niliugeuza banda la kuku. Nimeishi na maneno hayo mpaka leo. Mara nyingine, nikishindwa kufunga kitenge kwa mkono mmoja, nayarudia kwa sauti yake.

Fidia nilipewa, nikajengea nyumba. Wa pazia hakuna aliyemgusa, aliendelea na pazia lake, ndiyo sababu namwandika. Wavu ulirudishwa kwenye mkanda, una kinyesi cha kuku mpaka kwenye kona.

Watu walidhani sitakanyaga tena pale. Nilikwenda kila siku ya soko, niko na debe langu la mahindi, nangoja kwenye foleni kama wengine. Unga ukiwa tayari nilikuwa simwiti mfanyakazi wake. Nilimwita yeye, watu wote wasikie.

"Bwana, nitwike."

Mtu akiombwa kumtwika mwenzake mzigo, hasa mama mwenye mkono mmoja, hawezi kukataa mbele za watu. Alikuja. Aliinama, akainua debe, akaliweka kichwani pangu, nami nikakaa hapo kidogo, nikimwambia alisogeze kushoto, sasa kulia, sasa kushoto tena, mpaka likae nilivyotaka.

"Asante," nilimwambia. "Mikono miwili ni kitu kizuri."